Maji kwa Pakacha: Matembezi ya Singapuri



Mhariri wa jarida letu aliposikia kwamba nimerejea kutoka Mashariki ya Mbali aliniomba niwaandikie kurasa chache juu ya niliyoyaona huko. Nimeitika kwa furaha, ila natanguliza neno moja: asitarajie mtu kupata hapa habari za majengo marefu wala za maduka, kwani hizo zimekwisha simuliwa na wengi. Nitakaloeleza ni habari ya mtaa mmoja, na jambo moja lifanyikalo katika mtaa huo kila siku, ambalo lina mazingatio makubwa kwetu sisi tuliohama makwetu kwa ajili ya kutafuta.

KISIWA CHA WAHAMIAJI

Singapuri ni kisiwa kidogo kilicho kwenye ncha ya kusini ya rasi ya Malay, karibu sana na mstari wa ikweta. Ukubwa wake haufiki nusu ya Unguja, lakini kinabeba watu wapatao milioni 6. Joto lake na unyevu wake ni ule ule wa pwani yetu wakati wa masika. Mtu wa Unguja akipita sokoni kwao ataona doriani, shokishoki na mafenesi yamepangwa, na kwa dakika moja atadhani yuko Darajani.

Mwaka 1819 Mwingereza aitwaye Stamford Raffles alifungua hapo bandari isiyotoza ushuru, na tangu siku hizo watu wakamiminika kutoka kila upande: Wachina wa majimbo ya Fujian na Guangdong, Watamil wa Bara Hindi, Wajava, Wabugis, na Waarabu wa Hadhramaut. Hawa wa mwisho si wageni kwetu. Koo za Alsagoff, Alkaff na Aljunied, ambazo majina yao yamo katika mitaa na majengo ya Singapuri, asili yao ni mabonde yale yale ya Hadhramaut waliyotoka masharifu na wafanyabiashara waliohamia Lamu, Unguja na Ngazija. Bahari ilikuwa moja. Kilichowagawa ni pepo za msimu, hawa wakasukumwa na moja na wale wakasukumwa na nyingine.

Leo karibu robo tatu ya raia na wakazi wa kudumu wa kisiwa hicho ni Wachina. Wengi wao babu zao walifika wakiwa na nguo za mwilini na deni la nauli. Kwa hiyo nilipokuwa nikitembea huko, nikimsindikiza mwanangu aliyekuwa na kazi ya wiki mbili, sikujiona mgeni kabisa. Nilikuwa katika mji uliojengwa na watu waliokuwa wakihesabu siku za kurudi kwao.

MTAA WA WATERLOO

Mtaa wenyewe unaitwa Waterloo Street. Sehemu yake moja imefungwa magari yasipite, na hapo hukaa wauzaji wa maua ya yungiyungi, wauzaji wa vijiti vya udi, na watazamiaji wenye vimeza vidogo ambao humsoma mtu kiganja au uso wake kwa malipo. Mtaa si mrefu, lakini una mahekalu mawili yaliyopakana ukuta kwa ukuta. Moja ni la Wahindu, Sri Krishnan, lililoanzishwa mwaka 1870. La pili ni la Wachina, Kwan Im Thong Hood Cho, lililoanzishwa mwaka 1884 na kujengwa upya karibu miaka mia moja baadaye. Katika mtaa huo huo kuna sinagogi la Mayahudi la mwaka 1878. Na ukienda kwa miguu kama robo saa tu, utafika Masjid Sultan, msikiti mashuhuri kupita yote kisiwani.

Kwan Im, ambaye Wachina wa kaskazini humwita Guanyin, katika dini ya Kibudha ni mfano wa huruma. Jina lake lina maana ya yule asikiaye vilio vya ulimwengu. Ndiyo maana wanaomwendea zaidi ni wenye shida: mgonjwa, mwenye kesi, mwenye mtoto asiyesikia, aliyefilisika. Kwa desturi ya Wachina mafundisho ya Budha, ya Tao na ya Confucius yamechanganyika kwa muda mrefu, na jambo nitakalolieleza linatokana na mchanganyiko huo.

Mwenye haja huingia akapiga magoti, akashika mkebe wa mwanzi uliojaa vijiti 100, kila kijiti kimeandikwa nambari. Huutikisa mkebe huo taratibu huku akiwaza swali lake, mpaka kijiti kimoja kichomoze na kuanguka. Watu wanapokuwa wengi, ukumbi wote hujaa mlio wa vijiti hivyo, mfano wa choroko zinazopepetwa katika ungo. Kijiti kikishaanguka, mtu huchukua vibao viwili vyekundu vyenye umbo la mwezi mwandamo, ubapa upande mmoja na mviringo upande wa pili, akavirusha chini. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, jibu limethibitishwa. Vinginevyo huanza upya. Kisha huenda kaunta, akataja nambari, akapewa karatasi ndogo.

Katika karatasi hiyo mna shairi. Ni la mistari minne, kila mstari una herufi saba za Kichina, jumla 28. Shairi limewekewa daraja, la juu, la kati au la chini, na limefungamanishwa na kisa cha mtu wa kale. Chini yake huwa na maelezo ya mambo ambayo aghalabu watu huyauliza, nayo hupangwa kwa mfuatano: nyumba, nafsi, mali, biashara, ndoa, mimba, msafiri, mashamba na nondo wa hariri, mifugo, mtu aliyepotea, mashitaka, kuhama, kitu kilichopotea, maradhi, na kaburi.

Tazameni, ndugu zangu, namna orodha hiyo ilivyopangwa. Msafiri ana nafasi yake, na kuhama kuna nafasi yake. Mashairi haya yalitungwa katika Uchina ya wakulima, lakini yalipovuka bahari yakawakuta watu ambao takriban wote walikuwa na swali hilo hilo moja: je, msafiri atarudi?

Mimi nilisimama mlangoni. Kwetu sisi jambo hili limekwisha hukumiwa; katika Suratul Maida, aya ya 3 na ya 90, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametukataza kutafuta ya ghaibu kwa mishale ya kupigia kura, na tofauti ya mshale na kijiti cha mwanzi ni ndogo. Lakini tusiwacheke majirani. Pwani kwetu ramli imepigwa na inapigwa, na wapo wanaoswali safu ya mbele kisha usiku wakenda kwa mtazamiaji kuuliza nani kawafungia riziki. La kustaajabisha ni kwamba hata katika mafundisho ya kale ya Kibudha, utazamiaji umetajwa miongoni mwa kazi ambazo mtawa hapasi kujipatia nazo chakula chake. Basi dini mbili zimekataza, na watu wa pande zote mbili wanaendelea. Shida ya mwanadamu haingoji fatwa.

KUOPOA MWEZI MAJINI

Mwenyeji wetu alikuwa Mchina, mwalimu mstaafu kama mimi, na kwa kuwa walimu hawaachi kufundisha hata wakistaafu, tulikaa kwenye benchi la mtaani akanisomesha. Alinieleza kwamba karatasi za daraja la chini mara nyingi huonya juu ya taabu isiyo na matunda, na kwamba Wachina wana mifano yao ya kulieleza jambo hilo ambayo imezagaa katika mashairi na misemo: kuopoa mwezi majini, kuteka maji kwa kikapu cha mwanzi, kutafuta sindano iliyozama baharini, kuchora mkate ili kutuliza njaa. Mimi nikamwambia kwamba Waswahili tunasema kutwanga maji kinuni. Akafurahi sana, akaiandika maneno hayo katika kijitabu chake.

Huo mfano wa mwezi majini una kisa chake katika vitabu vya Kibudha vilivyofasiriwa kwa Kichina tangu karne ya 5. Inasimuliwa kwamba karibu na mji wa Varanasi huko India palikuwa na nyani 500. Usiku mmoja mkubwa wao aliuona mwezi ndani ya kisima, akawaambia wenziwe kwamba mwezi umeanguka, na wasipouopoa dunia itabaki gizani. Wakashikana mikia, mmoja baada ya mwingine, wa kwanza akining'inia kwenye tawi la mti. Tawi likavunjika, wakazama wote. Na mwezi wa kweli muda wote huo ulikuwa juu, haukuhitaji msaada wa mtu.

Mwenye kuisoma Qurani atakumbuka mfano ulio karibu na huo katika Suratur Raad, aya ya 14: mtu aliyenyosha viganja vyake kuyaelekea maji ili yafike kinywani, nayo hayafiki. Na katika Suratun Nahl, aya ya 92, yumo yule mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua. Kila umma umeijua taabu ya namna hii na kuiogopa, pengine kuliko umasikini wenyewe.

Sasa, je, Wabudha husema kwamba taabu zote ni bure, na kwamba mtu akae tu? La hasha. Siddhartha Gautama, ambaye baadaye aliitwa Budha, kwa mapokeo yao alijitesa kwa njaa miaka sita akitafuta wokovu, hadi akabaki ngozi na mifupa. Mwisho akaona kwamba mateso yale hayakuwa na matunda. Akala chakula, akashika njia ya kati. Baadaye alimkuta mwanafunzi wake mmoja, Sona, aliyekuwa akijichosha hadi nyayo kuchanika, akamkumbusha habari ya kinanda: nyuzi zikikazwa mno hazilii vizuri, na zikilegezwa mno hazilii vizuri. Wapenzi wa taarabu hawahitaji ufafanuzi. Na katika njia yao ya mambo manane, juhudi njema ni mojawapo. Wanachokilaumu ni kile wanachokiita kiu, yaani tamaa inayomfanya mtu akikimbilie kivuli cha kitu huku kitu chenyewe kiko mahali pengine. Nyani wale hawakukosa bidii wala umoja. Walikosea walipotazama.

WALIOULIZA KAMA WATARUDI

Maneno haya yangebaki kuwa falsafa tu kama mwenyeji wetu asingetupeleka siku ya pili katika mtaa wa Wachina, upande wa South Bridge Road. Hapo Waislamu tunaye jirani mwema, Masjid Jamae, iliyoanzishwa na Watamil mwaka 1826, na tuliswali adhuhuri humo. Hatua chache kutoka msikitini kuna kichochoro kiitwacho Sago Lane.

Zamani kichochoro hiki kilikuwa na nyumba za kufia. Wahamiaji waliozeeka bila mke, mume wala mtoto walipelekwa humo kungojea mauti, kwa kuwa vyumba walivyopanga vilikuwa vidogo mno na wenye nyumba hawakutaka maiti ndani. Chini yake yalikuwa maduka ya majeneza na nguo za maziko. Nyumba hizo zilipigwa marufuku mwaka 1961. Leo mahali hapo limesimama hekalu kubwa la Kibudha la ghorofa kadhaa, lililofunguliwa mwaka 2007, na watalii huingia na kutoka wakipiga picha.

Miongoni mwa waliomalizikia katika mitaa ile walikuwa wanawake wa Sanshui. Sanshui ni wilaya ya Guangdong, na maana ya jina lake ni Maji Matatu, kwa kuwa mito mitatu hukutana hapo. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliweka kikomo cha wanaume wa Kichina walioruhusiwa kuingia, lakini wanawake hawakuwekewa kikomo hadi mwaka 1938. Basi wakaja wanawake kwa wingi. Wa Sanshui walifanya kazi ya ujenzi: kuchimba misingi, kubeba matofali na mchanga kwa mizani ya begani, wamejifunga vilemba vyekundu ambavyo vilijulikana mji mzima. Baadhi yao walikuwa wajane, wengine hawakuolewa kamwe. Walilala katika vijumba vya mbao visivyo na dirisha, wakala wali kwa mboga za chumvi, na kila walichobakiza wakakipeleka kwao.

Namna walivyokipeleka inastahili kusimuliwa. Palikuwa na wajumbe walioitwa kwa Kichina wageni wa maji, waliosafiri kwa jahazi na meli wakichukua fedha na barua kwa pamoja. Kiasi cha fedha kiliandikwa juu ya bahasha yenyewe, na mpokeaji alipaswa kujibu kwa maandishi kwamba amepokea. Asiyejua kusoma alimlipa mwandishi wa barua aliyekaa barazani na meza yake. Baadaye zikaanzishwa ofisi maalumu za kazi hiyo. Barua hizo huitwa qiaopi, na zaidi ya 150,000 zimehifadhiwa huko Uchina. Mwaka 2013 UNESCO iliziingiza katika rejista yake ya kumbukumbu za dunia. Nani kati yetu hajapata kumpa msafiri bahasha ampelekee mama, kisha akangojea kwa wiki mbili kusikia kama imefika?

Mwenyeji wetu alikulia katika nyumba ya mtaa ule, na chumba cha juu aliishi mama mmoja wa kilemba chekundu. Kila mwaka mpya wa Kichina mama huyo alikwenda kwa Kwan Im kuuliza juu ya msafiri, na msafiri alikuwa yeye mwenyewe. Hakujua kusoma, basi akirudi humpa mtoto wa chini amsomee. Mwaka mmoja ilitoka karatasi ya daraja la chini, yenye mfano wa mwezi majini: msafiri asitaraji kurudi, taabu yake haina mwisho mwema. Mtoto alisita, lakini alisoma yote. Mama akaikunja karatasi, na alfajiri ya siku iliyofuata akashuka ngazi kwenda kazini saa ile ile ya kila siku.

Kijana alipopata ujasiri akamuuliza kwa nini hakuvunjika moyo. Akajibiwa kwamba karatasi imesema habari ya kurudi, haikusema habari ya ada ya skuli ya mtoto wa kaka yake. Mama huyo hakurudi kweli, alifia Singapuri. Lakini barua za mtoto huyo wa kaka, alizokuwa akisomewa hadi miaka yake ya mwisho, zilijaza mkebe mzima wa biskuti.

NANI AMEKINGA CHINI?

Nilipokuwa nikiyatafakari hayo nilikumbuka methali yetu: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Wengi huifasiri kwamba hasara ya mwenye mali ni faraja ya mbebaji. Nami kule Singapuri nilipata kuiona kwa upande mwingine. Mchukuzi wa pakacha linalovuja hupata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayomdanganya. Mzigo unapungua begani, yeye anaendelea kutembea, na wala hageuki nyuma kutazama kilichodondoka. Mwisho wa safari hufika na pakacha tupu, amechoka kama aliyefika na lililojaa.

Kisha nikajiuliza: vilivyodondoka viliokotwa na nani? Mvutaji rikisho na kuli wa bandarini walifanya kazi kama yule mama, pengine kuzidi, na wengi wao hawakupeleka chochote. Sababu si kwamba nyota zao zilikuwa mbaya. Maumivu ya mgongo yaliwapeleka kwenye afyuni, na upweke ukawapeleka kwenye kamari. Na afyuni hiyo ilikuwa biashara ya halali iliyotozwa ushuru. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 karibu nusu ya mapato ya serikali ya kikoloni huko Singapuri yalitokana nayo. Maana yake ni kwamba aliyemlipa kuli ujira asubuhi alijua njia ya kuurudisha jioni. Pakacha lilivuja, na chini yake palikuwa na mtu aliyekinga chungu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na karatasi za Mtaa wa Waterloo, pamoja na heshima yangu kwa waliozitunga. Karatasi humwambia mtu kwamba taabu yake ni bure kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Mimi niliyoyaona yananiambia kwamba jasho lenyewe si bure. La kuulizwa ni chombo tunachokitilia. Yule mama na yule kuli walitoa jasho la aina moja. Mmoja alilitia katika chombo chenye kitako, na mwingine, maskini, alilitia katika chombo kilichofumwa makusudi kivuje.

Na sisi je? Ruhusa ya mzee ni kusema. Wapo miongoni mwetu, huku Ulaya, Ghuba na Marekani, wanaofanya kazi mbili kwa siku miaka 20, na kila walichokichuma kimegeuka saruji ya nyumba iliyofungwa kufuli, inayolindwa na mtu wa mshahara na kuota majani barazani. Wapo waliokopa kwa riba ili harusi ya siku tatu isemwe vizuri. Wapo waliowalipa mawakala wa vibali fedha ambazo hazikurudi wala kibali hakikuja. Na wapo, nao ndio wanaonihuzunisha zaidi, waliofanya yote kwa ajili ya watoto, lakini watoto wenyewe hawakuwaona isipokuwa wamelala, na leo mtoto huyo akipigiwa simu na bibi yake hana maneno ya kumjibu. Hakuna mvivu hata mmoja katika hao. Nyani wa Varanasi nao hawakuwa wavivu.

Silaumu nyumba. Nyumba yenye mama ndani yake ni chombo chenye kitako. Ada ya mtoto wa ndugu ni chombo chenye kitako, hata kama ndugu hajajibu barua. Ninachosihi ni kwamba mtu asimame kidogo, aweke mzigo chini, ageuke atazame njia aliyopita, na aulize nani amekinga chungu chini ya pakacha lake. Swali hilo haliulizwi kwa vijiti wala kwa ramli. Linaulizwa kwa daftari la matumizi, na kwa mke na watoto, mkiwa mmekaa mkekani.

VITAKO VYA CHUPA

Alasiri ya siku hiyo tulirudi kwa miguu hadi Masjid Sultan. Msikiti wa kwanza mahali hapo ulijengwa mwaka 1824. Jengo la sasa, lililochorwa na Denis Santry, lilikamilika mwaka 1932. Makuba yake ya rangi ya dhahabu huonekana kutoka mbali, lakini ukisogea karibu utaona chini ya kila kuba mkanda mweusi unaometameta. Mkanda huo si mawe ya thamani. Ni vitako vya chupa, vimepangwa kwa maelfu safu juu ya safu. Inasimuliwa kwamba wakati wa ujenzi matajiri walitoa fedha, na mafukara wasiokuwa na fedha wakaambiwa walete chupa za kioo, ili pasiwe na Mwislamu atakayesema kwamba hakuwa na fungu katika nyumba ile.

Nilisimama pale nikivitazama. Aliyeokota chupa hizo jalalani, akaziosha na kuzileta, hakika aliweza kuonekana mjinga: chupa tupu, kazi ya nini? Leo hakuna ajuaye jina lake, na kitako chake kingali kinashika jua. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, basi akiweza kuupanda na aupande. Kwa hesabu za dunia hakuna taabu iliyo bure zaidi kuliko kupanda mche siku ya Kiyama. Kwa hesabu nyingine ni kazi timamu, kwa kuwa aliyeagiza ndiye apokeaye.

Muezini akaadhini, watu wakaacha maduka ya vitambaa na mikahawa ya mtaani wakaingia: Wamalei, Wahindi, Waarabu, na sisi wawili kutoka pwani ya Afrika. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi. Walisogea tu, wakatupa nafasi katika safu.

Mwenyezi Mungu azitie baraka kazi za mikono yetu, na atuonyeshe vyombo vyetu kabla ya maji kwisha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.